Nyongeza ya Hewa

Kabla ya ugonjwa kuingia, chama cha wafanyabiashara wa mtaa ule, tuseme ukweli, hakikuwa cha kujivunia. Maduka ishirini na matatu, mkutano kila mwezi, na ajenda ileile miaka nenda miaka rudi: nani kamtupia nani taka kwenye mtaro. Kinyozi na muuza vyombo waliwahi kununiana miezi minane kwa ajili ya kiti cha plastiki. Ndiyo, kiti! Tena kilikuwa kimeshavunjika mguu.

Kitu kimoja tu ndicho kilichowaunganisha, nacho ni nyongeza. Alianza mwenyekiti wao, mwanamke wa duka la nafaka. Akishapima kilo yako ya maharage, mizani ikatulia, anachota konzi moja juu yake na kuitia kwenye mfuko wako, huku anatazama pembeni kana kwamba mkono umejiendea wenyewe. "Hiyo nyongeza, nenda zako." Mume wake alikuwa akiguna nyuma ya magunia, lakini kuguna kwake hakukuwa na madhara, maana mwanamume yule tangu aoe hajawahi kumpinga mkewe kwa neno lililosikika. Wengine wakaiga. Kinyozi akikunyoa anakukanda na shingo. Fundi viatu ukimpa kiatu anakung'arishia na mshipi wako. Mteja kutoka bila nyongeza mtaani pale ilikuwa aibu ya mwenye duka, na aibu hiyo ilisemwa mpaka mtaa wa pili.

Mwenyekiti huyo alikuwa dada mkubwa wa Cheche, mchomelea vyuma, na habari hii ni ya Cheche zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mama yao alifariki Cheche akiwa na miaka sita. Aliyemwogesha, aliyemtia shule, aliyemtandika alipotoroka shule, ni dada huyo. Aliyeuza hereni zake ili mdogo wake apate mashine ya kwanza ya kuchomelea ni dada huyohuyo. Cheche sasa ni mtu mzima mwenye mvi kidevuni, lakini akimkuta dada yake dukani bado alikuwa anaficha sigara.

Wimbi la kwanza la ugonjwa chama kililipokea vizuri, sifa zao nawapa. Maduka yalifungwa kwa amri, watu wakakaa ndani bila kipato. Mwenyekiti akafungua magunia yake na kugawa unga nyumba kwa nyumba. Muuza vyombo akatoa ndoo zote, zikawekwa kila kona na maji na sabuni. Fundi cherehani akashona barakoa kwa vitambaa vya sare za shule, kwani watoto wenyewe wa kuvaa sare walikuwa wamefungiwa majumbani. Hata kinyozi na muuza vyombo walianza kusalimiana, kwa mbali, kwa sababu ya afya.

Wimbi la pili ndilo lililowatoa jasho. Hili unga haukulisaidia kitu. Watu walikuwa wanakosa pumzi. Hospitali ilijaa mpaka chini ya ngazi, na aliyempeleka mgonjwa wake aliambiwa getini: kama una oksijeni yako mwenyewe mlete, kama huna mrudishe.

Asubuhi moja mwenye duka la dawa akaingia karakana ya Cheche. Mama huyu aliwahi kufanya kazi wodini miaka ishirini kabla ya kufungua duka, na mpaka leo kila mtu humwita Nesi. Akasimama mbele ya mitungi miwili mirefu iliyofungwa mnyororo ukutani.

"Hii oksijeni unayokatia vyuma unaijazia wapi?"

"Kiwandani, Nesi."

"Kiwanda hichohicho kinachojazia hospitali?"

"Hichohicho. Bomba moja, foleni tofauti."

"Basi safisha mitungi yako, fundi. Umeshapata kazi."

Ndivyo ilivyoanza. Mtungi mmoja ukitumika mtaani, wa pili uko kiwandani unangoja zamu, na kwa kuwa hospitali ndizo zilizohudumiwa kwanza, kungoja kulikuwa siku nne, tano. Chama kikakutana uwanjani, kila mtu mita mbili na mwenzake, wanapigiana kelele kama wako sokoni. Mtungi ukijaa, geji, kile kipimo cha mshale kilicho mdomoni pake, inasoma mia na hamsini. Nesi akapiga hesabu: kila mgonjwa hamsini, sawa na saa nane, za kumshikilia wakati jamaa zake wanahangaika kutafuta kitanda. Wagonjwa watatu kwa mtungi mmoja. Na nani aanze? Hapo mabishano yakataka kuzuka. Mwenyekiti akayakata palepale.

"Foleni," alisema. "Aliyetangulia kuandikwa anatangulia kupewa. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna ndugu wa mwenyekiti. Na mimi nikiugua nitapanga mstari."

Kazi ya Cheche ikawa kuusukuma mtungi kwa mkokoteni, kuunganisha mipira ya hewa, na kuandika kwa chaki ubavuni mwa mtungi geji inasoma ngapi ukiingia nyumba na ngapi ukitoka. Nesi anaweka kiasi, anasema asiguse mtu, anakimbilia nyumba nyingine.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi viatu. Cheche aliporudi kuuchukua mtungi alitarajia kukuta mia. Akakuta mia na nane.

"Alipata nafuu saa ya mwisho, nikafunga koki," alisema mke wa fundi viatu, macho yamemjaa machozi. "Tumemwachia anayefuata nyongeza."

Jamani! Neno lile lilivyowaingia watu! Kinyozi, ambaye ndiye katibu, alilirusha kwenye kundi la simu la chama na picha ya chaki juu. Hongera zikamiminika. Mwenyekiti akatuma sauti, akisema kwamba hicho ndicho chama alichokuwa anakiota. Fundi viatu akapona, akakaa mlangoni kwake anaota jua, na kila aliyepita alimwona kuwa ushahidi.

Tangu siku hiyo hapakuwa na nyumba iliyotaka kuutoa mtungi bila nyongeza. Walianza na nane, ikawa kumi na mbili, ikawa ishirini. Nyumba ya fundi cherehani ilitoa ishirini na tano, na mume wake akafariki jioni ileile. Watu wakasema maskini, hata katika kufa kwake amekumbuka wenzake. Aliyeuliza swali hakuwepo. Watu walikuwa wanakufa kila siku, wenye mtungi na wasio na mtungi, na nani angekaa chini kulinganisha?

Nesi peke yake alifoka. Alimkuta mwenyekiti nje ya duka, akamwambia wazi, "Mnachezea koki. Ile siyo unga, dada yangu. Mtu hapewi pumzi nusu kilo."

"Nesi, wanafunga wakati mgonjwa ametulia."

"Ametulia kwa sababu hewa inaingia!"

"Sawa, nitawaambia," mwenyekiti alisema. Na aliwaambia, kwa sentensi moja, chini ya hongera arobaini. Cheche alikuwa pale na mkokoteni wake, akacheka kidogo kumtuliza Nesi. Alicheka! Mtu aliyeishi na gesi miaka ishirini, anayejua hata ukimwamsha usingizini kwamba mshale wa geji haushuki polepole bila sababu.

Kisha dada akaugua.

Ilianza na kikohozi, siku ya tatu akawa anazungumza kwa vipande, maneno mawili, anatulia, maneno mawili. Nesi akamwekea kidoleni kile kidude cha kupimia hewa ya damu, akakitazama, akatoka nje. Cheche akamfuata.

"Anahitaji mtungi leo," Nesi alisema. "Na kitanda akikipata kesho, atapona. Mapafu yake hayajaisha. Lakini leo, fundi."

Mtungi ulikuwa kwa kinyozi, kwa baba yake mzee, ambaye zamu yake ilikuwa inakwisha asubuhi iliyofuata. Aliyefuata kwenye orodha ni dada. Baada ya dada, mke wa muuza vyombo, mjamzito wa miezi saba, aliyekuwa ameanza kuhema tangu juzi. Cheche akaingia chumbani akapiga magoti.

"Dada, nikauchukue sasa hivi. Mtungi ni wangu."

"Wa chama," dada alisema. Akavuta pumzi. "Ukiuleta... nitaukataa. Unanijua."

Alikuwa anamjua. Akakaa sakafuni usiku kucha, mgongo umeegemea kitanda, akimsikiliza anavyovuta pumzi. Shemeji yake, yule mpole wa nyuma ya magunia, alikuwa anaingia na kutoka na vikombe vya maji ya moto ambavyo hakuna aliyevinywa.

Kulipokucha Cheche akakimbia na mkokoteni kwa kinyozi. Alimkuta mlangoni, barakoa imelowa. Mzee alikuwa amefariki alfajiri.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Tumeshapoa." Kinyozi, ambaye siku zote alikuwa na mzaha wa kila mtu, alikuwa anatafuta neno la kujishikilia. Akamvuta Cheche mpaka kwenye mtungi. "Tazama lakini. Tazama mzee alivyowaachia."

Mtungi ulikuwa umeingia nyumba ile ukisoma mia na kumi. Ulitakiwa utoke na sitini. Geji ilisoma tisini na tano.

"Akisinzia tu tunafunga," kinyozi alisema. "Akishtuka tunafungua. Mwenyewe alituashiria kwa mkono, funga, funga, wapo wengine. Mzee wangu, Cheche! Nyongeza thelathini na tano!"

Hapo Cheche akajua. Si kwamba alishuku; alijua, moja kwa moja. Zile saa zote mzee alizosinzia hakuwa amelala, alikuwa anakwenda. Neno likamfika Cheche mdomoni. Akamtazama kinyozi, macho mekundu, kifua mbele, mtoto aliyeshikilia fahari moja tu ya kumzikia baba yake. Ningekuwa mimi ningeweza kumnyang'anya? Sijui. Cheche hakuweza. Alisema, "Mzee alikuwa muungwana," akaandika tisini na tano kwa chaki, akaondoka na mtungi.

Saa moja kasoro asubuhi dada alikuwa na mpira wa hewa puani. Baada ya nusu saa midomo yake ilirudi rangi. Akamtazama mdogo wake na kumkonyeza, alivyokuwa akimkonyeza walipokuwa wadogo baba akifoka. Cheche akatoka nje akalia, akajifuta kwa mkono wa shati wenye matundu ya cheche, akarudi.

Simu ikalia. Kiwandani: mtungi wa pili umejaa, aje mwenyewe na kadi yake, ikifika saa sita hajatokea wanampa mwingine. Na Nesi naye kwenye simu nyingine: kitanda kimepatikana hospitalini, gari litakuja saa kumi jioni. Siku moja, habari njema mbili! Cheche hakuamini masikio yake. Mtungi ulikuwa na hewa ya kutosha mpaka saa kumi na zaidi. Kilichobaki ni kuacha koki ilivyo.

Akainama sikioni kwa dada yake. "Dada, asiguse mtu koki. Unanisikia? Nyongeza leo hakuna."

Dada akatikisa kichwa, ndiyo.

Akamgeukia shemeji yake. "Shemeji, umesikia."

"Nimesikia, shemeji."

Je, aliwaambia ni kwa nini? Hakuwaambia. Kusema kwa nini kulikuwa kusema habari ya mzee wa kinyozi, na maiti ya mzee ilikuwa haijatoka hata ndani. Akajiambia ataeleza akirudi, kikaoni, kwa utaratibu, bila kumtaja mtu. Amri bila sababu, kwa mwanamke yule! Mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kukubali mizani iseme neno la mwisho.

Kiwandani alisimama kwenye jua kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Mbele yake malori ya hospitali, nyuma yake watu wenye mitungi midogo, wengine wameishika kama watoto wachanga. Kila baada ya muda simu ya mtu ililia, mtu huyo akasikiliza, kisha akautoa mtungi wake kwenye foleni na kwenda nao mtupu. Cheche aliitazama simu yake kila dakika. Haikulia. Alipopewa mtungi wake, mia na hamsini, mzito, baridi, alimlipa mwenye pikipiki ya magurudumu matatu bila kuulizia bei, akakaa nyuma ameukumbatia. Njia nzima alikuwa anapanga atakavyomtania dada: mwenyekiti mzima kubebwa kwa machela mbele ya wateja wake.

Saa tisa alasiri akafika. Shemeji alikuwa mlangoni, anatabasamu. Tangu ugonjwa uanze Cheche hakuwa amemwona akitabasamu.

"Taratibu, shemeji. Amelala. Amelala vizuri kabisa, hata kukohoa hakohoi."

Cheche alimpita. Chumbani kulikuwa kimya. Kabla ya kumtazama dada yake aliitazama geji. Mazoea ya kazi. Ilisoma tisini.

"Alisema yule mjamzito ni watu wawili, si mmoja," shemeji alikuwa anasema nyuma yake kwa sauti ya chini, asimwamshe mkewe. "Wewe ulipotoka tu. Nikamwambia Cheche kakataza. Akasema Cheche ananionea huruma kwa kuwa ni dada yake, funga, nikisikia vibaya nitakuashiria. Nikafunga. Nimekaa hapahapa, sijatoka hata kidogo, macho yangu kwenye mkono wake. Hakuashiria. Hajaashiria hata mara moja."

Cheche alimshika dada yake mkono. Ulikuwa umeshaanza kupoa vidoleni. Akafungua koki yote hata hivyo, hewa ikavuma kwenye mpira, akamwinua kichwa, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelijua mtaani. Akamwita mpaka sauti ikakatika. Shemeji alisimama pale akitazama, na tabasamu lake lilichukua muda mrefu kuondoka, kama mtu asiyejua aliweke wapi.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Nimekosea?"

Swali gani hilo la kumwuliza mtu! Cheche akafumba macho. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ni ugonjwa, siku zake zilikuwa zimefika, ulifanya alivyotaka. Angekuwa amemwachia shemeji yule usingizi wake, na kinyozi fahari yake, na fundi cherehani faraja yake. Nje, magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yanakaribia kwenye changarawe: muuza vyombo, anakuja kumchukulia mkewe mtungi, zamu yake imefika. Na muuza vyombo naye alikuwa mwanachama mwema. Angefunga. Wallahi angefunga, tena angejitahidi kumzidi mwenyekiti.

Akafunga koki, akatoa simu. Kwenye kundi la chama tayari mtu alikuwa ameandika: Mwenyekiti wetu anaendeleaje? Tunangojea nyongeza yake, lazima itavunja rekodi! Chini yake mikono ya kupiga makofi.

Cheche akabonyeza kitufe cha sauti. Shemeji alikuwa hatua mbili kutoka kwake, na hakumwambia atoke.

"Sikilizeni wote," alisema. "Dada yangu amefariki. Hakuuawa na ugonjwa. Alikuwa anapona, kitanda kimepatikana, hewa ilikuwepo. Amekufa kwa sababu koki ilifungwa. Mtu akitulia kwenye mtungi siyo kwamba amepata nafuu, ni hewa inayomshika, ukiifunga anakufa bila kupiga kelele. Nesi alisema, hatukumsikiliza. Mimi nilijua tangu asubuhi, nikanyamaza. Muuza vyombo, mtungi wa mkeo umejaa, mia na hamsini. Usifunge. Hata akikuomba yeye mwenyewe kwa machozi, usifunge."

Akaachia kidole. Shemeji yake alikuwa ameketi sakafuni, palepale Cheche alipokaa usiku ule, na alikuwa ameishika mikono yake miwili mbele ya uso anaitazama.

Simu ikatetemeka. Muuza vyombo, kutoka nje ya mlango ambao hakuthubutu kuugonga: Nimesikia. Sitafunga.

 Cheche aliona majina yakijitokeza moja moja, ishirini na moja, kila mmoja amesikiliza. Mke wa marehemu mzee hakuwemo kwenye kundi, mke wa fundi viatu hakuwemo, lakini fundi cherehani alikuwemo, na jina lake lilionyesha anaandika, likaacha, likaonyesha tena, likaacha kabisa.

Kisha kinyozi akaandika.

Na mzee wangu?

 Cheche alianza kuandika mengi, kwamba mzee alikuwa na umri, kwamba mapafu ya mtu na ya mtu hayafanani. Akayafuta yote.

Na mzee wako, ndugu yangu, aliandika, akatuma. Kisha akatoka nje kumsaidia muuza vyombo kupakia mtungi.